Taa Iliyooshwa Mno

Dukani walimwita Mama Vioo, na jina lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Lilikuwa duka la taa za zamani: thurea za shaba zenye matawi na vioo vinavyoning'inia kama matone, na taa za mnyororo za kutundika juu ya meza. Nyingine ziling'olewa kwenye hoteli zilizobomolewa, nyingine kwenye nyumba za ndugu waliogombea urithi mpaka wakauza hata vya darini. Zilifika nyeusi tii, zimejaa utando wa buibui na mizoga ya nzi. Kazi ya Mama Vioo ilikuwa kuzifungua, kuosha kila kioo kwa maji ya vuguvugu na siki, kukikausha kwa kitambaa laini na kukirudisha mahali pake. Kazi hiyo ilimzeesha, na aliipenda, tusimsingizie.

Alikuwa na mdomo pia. Mteja akija kuchagua, hakumuuliza anapenda rangi gani. Alimuuliza, "Nani atakaa chini yake?" Siku moja bibi harusi mtarajiwa aliingia akanyooshea kidole thurea kubwa kama kitanda. Mama Vioo akamuuliza dari ya nyumba yao iko juu kiasi gani. Binti akainua mkono, ukaishia palepale juu ya kilemba chake.

"Mwanangu, hapo bwana harusi atakula ameinama kama anaomba msamaha. Chukua hii ndogo, uitundike juu ya meza, ishuke kidogo. Muonane nyuso."

Binti alicheka mpaka machozi, akachukua ndogo. Wateja walimpenda kwa sababu hiyo. Aliwachagulia taa ya watu watakaoishi nayo, si ya kuwaringia majirani.

Nyumbani kwake hakukuwa na cha kuchekesha. Mumewe alikuwa dereva wa malori mstaafu, mtu aliyezijua barabara zote hata gizani, na sasa alipotea njia ya kwenda chooni. Alianza kwa kusahau funguo, wakamtania. Kisha akasahau majina ya wajukuu, na utani ukaisha. Mwisho akaanza hili la jioni. Giza likiingia, ile taa ndefu nyeupe ya sebuleni ikiwashwa, mzee alisimama, akavaa viatu, akachukua kofia.

"Asanteni kwa chai. Mimi sasa naelekea nyumbani."

"Nyumbani ndiyo hapa, baba watoto."

"Samahani dada, hapa si kwangu."

Mara ya mwisho walimkuta kituo cha mafuta, anawauliza wahudumu lori lake wameliegesha wapi. Binti yao alimrudisha akiwa anatetemeka mwili mzima, binti, si mzee. Mzee alikuwa ametulia tuli.

"Mama, akitoka tena nampeleka kwenye nyumba ya wazee," binti alisema. "Unichukie ukitaka. Sitaki kuja kumtambua baba yangu mochwari."

Alisema hivyo analia, kwa hiyo mtu asije akamwita katili. Mama Vioo mwenyewe alishalala mara nyingi kiti kikiwa kimeegemezwa mlangoni. Lakini kumpeleka yule mtu akalale kwa wageni, mtu ambaye maisha yake yote alisafiri na kila mara akarudi kwake, hilo lilimshinda kumeza.

"Niachie kidogo," alimwomba binti. "Kidogo tu."

Jioni moja, badala ya kubishana na mumewe mlangoni, alimuuliza kwake kukoje.

"Kwangu taa iko juu ya meza," mzee akasema, akaonyesha kwa kiganja mahali inaposhukia. "Ukikaa, inakufika hapa. Ina marinda."

Mama Vioo akashika ukuta. Mzee alikuwa anakisema chumba chao cha kwanza, kile cha kupanga, walichokifanya jiko, sebule na mahali pa mtoto kuandikia. Taa ya kioo cheupe yenye ukingo wa marinda kama sketi mzee aliileta mwenyewe kutoka safari, ameiviringisha ndani ya koti lake. Walipohama, mwenye nyumba aling'ang'ania kwamba kilichofungwa darini ni mali yake. Wakamwachia, wakaondoka na hasira zao.

Asubuhi yake akaingia stoo ya dukani, akaanza kupekua rafu moja baada ya nyingine. Mwenye duka akamkuta amepiga magoti kati ya makasha.

"Mama Vioo, leo wewe ndiye mteja?"

"Leo ni mimi."

"Haya, nani atakaa chini yake?" akamtania.

Mama Vioo aliinamia kasha jingine, akaendelea kupekua. Mwenye duka akaona, akaacha utani, akapiga magoti wakatafuta pamoja. Waliziacha thurea zote za kifahari. Waliziacha za kioo cha bluu na za shaba iliyonakshiwa. Nyuma kabisa, ndani ya kasha la taa zilizotolewa kwenye majiko ya watu, wakaipata: kioo cheupe, ukingo wa marinda, mnyororo wa shaba. Imegubikwa na moshi mpaka marinda hayahesabiki.

Basi akafanya nini? Akaipeleka kwenye karai. Hakufikiri hata kidogo, mikono ndiyo iliyofikiri. Akaiosha kwa siki, akaingia kwenye kila rinda na kijiti chenye pamba, akaisugua shaba mpaka akajiona meno. Hajawahi kuosha taa namna ile. Alikuwa anaimba chinichini, maskini, na dukani walikuwa na muda mrefu hawajamsikia akiimba.

Fundi umeme akaitundika nyumbani juu ya meza, palepale kiganja cha mzee kilipoonyesha. Binti alikuja kushuhudia. Giza likaingia, Mama Vioo akabonyeza swichi, na chumba kizima kikawa cheupe pee.

Mzee akaitazama sana.

"Nzuri," alisema kwa heshima. "Hoteli yenu ni safi. Ila mimi niruhusuni, naelekea nyumbani."

Akaanza kuvaa kiatu. Binti akageuza uso. Mama Vioo akachuchumaa mbele ya mzee.

"Ya kwako ina nini ambacho hii haina?"

"Ya kwangu ina moshi," mzee akajibu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mke wangu anapikia chini yake."

Hapo ndipo Mama Vioo alipojua kosa lake. Taa ile ya chumba cha kupanga haikuwahi kuoshwa. Alikuwa anarudi kutoka kuosha taa za watu akiwa hoi, anawasha jiko la mafuta ya taa, na moshi unapanda. Mwanga waliokulia chakula miaka yote ile ulikuwa wa hudhurungi. Ndio mumewe alioubeba kichwani, na yeye ameusugua kwa siki akaumwaga na maji machafu.

Akazima swichi. Akapanda juu ya kiti, akapaka kioo mafuta ya kupikia kwa ncha za vidole, akawasha mshumaa na kuupitisha polepole chini ya marinda. Binti alimshikia kiti. Masizi yalipoanza kushika kwenye kioo, Mama Vioo alilia kwa sauti. Kuchafua kioo safi kulimuuma kama kumpiga mtoto asiye na kosa. Lakini hakuacha mpaka taa nzima ikaiva rangi.

Alipoiwasha tena, mzee alikuwa ameshafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Akageuka. Akavua kofia. Akarudi mezani, akaketi, akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Afadhali nimefika," alisema.

Mama Vioo alicheka na kulia kwa pamoja. Akavuta kiti, akakaa karibu yake, akamshika mkono. Mzee akaitazama ile mikono miwili, kisha akautoa wake taratibu, bila ukali.

"Dada, usinielewe vibaya. Umenisaidia sana. Lakini mke wangu yuko njiani kutoka kazini. Akinikuta nimeshikana mikono na mtu chini ya taa yake, ataumia. Na mimi yule nampenda."

"Baba, huyu ndiye..." binti alianza.

Mama Vioo akamzuia kwa macho.

"Huwa anachelewa?" akamuuliza mzee.

"Anachelewa. Kazi yake ngumu. Lakini anarudi."

"Basi tumngoje," alisema, akainuka na kuhamishia kiti chake upande wa pili wa meza.