Mawe Darasani kwa Mwalimu Nyamburi

Mwaka 1975 Nyamburi Magesa alimaliza chuo cha ualimu, akapangiwa shule ya msingi katika kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Bunda. Darasa la tatu lilikuwa na watoto sitini na wanane. Familia zao zilikuwa zimehamia pale mwaka uliotangulia, nyingine za Waikizu, nyingine Wajita, nyingine Wasukuma, na katika somo la muziki kila kundi liliimba kwa kushindana na jirani yake mpaka wimbo ukawa makelele matupu.

Mwalimu Mkuu, Mzee Leodgar, alimpa fimbo. Aliitumia siku moja tu. Darasa lilinyamaza, na lilipoambiwa liimbe likaendelea kunyamaza.

Kilichomshangaza ni kwamba watoto hao hao, wakati wa mapumziko, walikaa duara nyuma ya jiko la shule wakaimba bila ugomvi. Akaenda kutazama. Kila mmoja alikuwa na jiwe. Kwa kufuata wimbo waliyapitisha mawe kwa jirani, yakigonga chini kwa mpigo mmoja. Aliyechelewa alirundikiwa mawe mbele yake, akatoka.

Aliyeongoza wimbo alikuwa Wankyo, msichana aliyesumbua darasani kuliko wote. Nyamburi alimwuliza kwa nini hapo hawagombani.

"Ukigomba hausikii mpigo, Mwalimu," Wankyo alisema. "Sisi tunachezaga hivi tangu kule kwetu. Ukiongea tu, jiwe linakupita."

Jumatatu Nyamburi aliingia na ndoo ya mawe, akapanga miduara minne. Siku mbili mambo yalikwenda vizuri, ya tatu makelele yakarudi. Hakukemea. Alisimama kusikiliza yanatoka wapi, akagundua yanatoka kwa waliotolewa, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya. Akawapa ngoma wapige. Basi nusu ya darasa ikaanza kukosea makusudi, maana ngoma ilikuwa tamu kuliko mawe. Siku hiyo alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Kesho yake aligeuza: atakayebaki mwisho ndiye apige ngoma, na waliotoka wawe waamuzi, waonyeshe kwa kidole aliyechelewa.

Wiki ile ile Mzee Leodgar alisikia mawe akiwa ofisini, akaja. Aliuliza kama watoto walikuja kusoma au kucheza. Nyamburi alimwomba akae. Wankyo akasogea kumpa nafasi, na mzee akaegemeza ukutani fimbo aliyokuja nayo, akachukua jiwe. Alitolewa mapema kabisa. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akawa mwamuzi, akamnyooshea kidole mtoto asiye na kosa, na Wankyo akamwambia kwa adabu kwamba aliyechelewa ni aliyekaa kando ya mtoto huyo. Mzee alikaa hadi kengele ikalia.

Jioni alimwita Nyamburi ofisini.

"Na hesabu je? Jedwali la kuzidisha kwa saba haliwezi kuzungushwa hivyo?"

"Sijui, Mwalimu Mkuu. Tujaribu."

Walijaribu pamoja. Watoto walishika mpigo, wakasahau majibu. Kwenye madarasa mengine fimbo iliendelea, ila mzee hakuipeleka tena kwenye somo la muziki. Nyamburi alifundisha pale miaka kumi na mmoja, na kila mwaka, kabla ya kufundisha wimbo wowote, aliwauliza watoto wapya kwao huwa wanacheza nini.