Raba za Breki Kwenye Kopo la Mafuta ya Pamba

Mume wangu Mahona alikuwa fundi magari hapa Bariadi, ila kabla ya magari alikuwa fundi wa pampu za visima. Miaka ile ambayo madukani hamkuwa na kitu, alikata washa, vile vipete vya kuzibia maji kwenye pampu, kwa ngozi ya ng'ombe, akazilaza usiku kucha kwenye kopo la mafuta ya pamba. Ngozi ililainika, ikabana maji vizuri. Watu walitoka hadi Kiloleli kumtafuta fundi wa kopo.

Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wa pamba wakaleta malori, na raba za breki, zile za kuzuia mafuta ya breki yasivuje, zikajaa dukani kwa Mudathiri. Huyo Mudathiri alimweleza kwamba raba mpya zimechanganywa masizi na unga fulani mweupe, vyote laini kuliko unga wa muhogo, ndiyo maana hazichaniki upesi. Mahona alizivuta, akazikunja, akafurahi sana. Kisha akazilaza kwenye kopo lake, kama ngozi. Mudathiri alimtania kwamba Msukuma hata raba anaiunga mafuta. Yeye naye hakujua ubaya wake.

Mchana mmoja wa msimu wa pamba nilikuwa nachambua mchele nje ya gereji, mdogo wangu Marcelo akaja kwa miguu, shati limejaa pamba. Lori analoendesha, ambalo Mahona alilibadilishia raba wiki ile ile, breki zilimkatalia mteremkoni. Alilielekeza kwenye lundo la pamba la kituo cha ununuzi, likazama humo, likasimama. Hakuwa na hata mchubuko. Nilianza ishara ya msalaba, mkono ukagandia kifuani.

"Shemeji," alimwambia Mahona, "nilikanyaga, mguu ukazama kama kwenye uji."

 Mahona alitia vidole kwenye kopo, akatoa raba iliyobaki humo, akaiweka kando ya nyingine kavu ya dukani. Ya kwenye kopo ilikuwa imevimba kama haragwe lililolowekwa. Unga wote ule wa kuitia nguvu haukuyazuia mafuta kuiharibu. 

"Mama Gloria," aliniambia polepole, "gari la masista nililifungia raba hizi jana."

Na masista walikuwa na safari ya Nyashimo mchana ule. Alirukia baiskeli. Nilimfuata mbio na kanga mkononi, naanza Salamu Maria, siimalizi, naanza nyingine.

Nilipofika, gari lilikuwa linanguruma getini, Sista Mektilda kwenye usukani.  Mume wangu alikuwa amelala chini, kifudifudi, mbele ya tairi.

Sista alitoa kichwa dirishani. "Mahona wewe, umelewa mchana huu?"

"Sista, usilisogeze," nilisema. "Halina breki."

Akazima injini. Mahona hakuinuka. Tulimwinua sisi wawili, kila mmoja mkono wake, na mikono ile ilikuwa bado inateleza mafuta.