Mwanachama Pekee wa Kampemba

Kikundi chetu cha vijana viongozi wa Kampemba kilikuwa na watu kumi na wawili: rais, makamu wawili, katibu, msemaji, mkuu wa itifaki, washauri watano, na Chola. Chola hakuwa na cheo. Siku ya kugawana vyeo alichelewa kwa sababu mafuta yake ya kukaangia yalikuwa bado motoni, na alipofika tulikuwa tumevimaliza.

Lawama ni yangu. Nilipewa kazi ya kuwafundisha kwa kuwa nina shahada ya sosholojia na nina subira; sijui ni kipi kati ya hivyo kilichozingatiwa. Somo langu la kwanza lilisema kwamba kila kijana ni kiongozi. Waliniamini, jambo ambalo halijawahi kunitokea nyumbani kwangu.

Chola ana miaka ishirini na mitatu, ni mjukuu wa fundi wa reli, na huuza vitumbua kando ya mtaro uliokuwa umejaa chupa, matambara na kiatu kimoja cha harusi. Maji ya mvua za mwaka jana yalipanda hadi mezani kwake yakaondoka na unga wake wote. Alijiunga nasi kwa sababu hiyo tu: mtaro uzibuliwe kabla mvua hazijarudi. Kila mkutano aliuliza swali lile lile la mtaro.

"Caniveau tutafungua siku gani?"

"Yaya Chola, subiri kwanza," alijibu Liévin, rais wetu, akimwita yaya kwa heshima. "Iko mu programme."

"Na mvula, nayo iko mu programme?"

Hatimaye Mumbere, mfanyabiashara wa unga wa jumla, aliahidi kutusaidia. Jumamosi asubuhi alifika mtaroni na lori lenye mabeleshi kumi na toroli tatu. Vijana walijipanga, beji vifuani, na kila mmoja akajitambulisha kwa kirefu. Nami nilihutubu. Zilipita dakika arobaini, na mawingu yakazidi kuwa meusi.

"Bon," alisema Mumbere, akitafuta wa kushika beleshi. "Bakubwa nimebaona. Sasa bale ba kutumika beko wapi?"

Msemaji wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kusema, alitazama viatu vyake.

"Patron," alijaribu Liévin, "siye tunafanya coordination."

"Coordination ya nani?" Mumbere akamgeukia dereva. "Washa moteur, tuende."

Hapo mkono uliojaa unga ukainuka nyuma ya meza ya vitumbua.

"Patron, minaomba. Miye niko membre."

"Membre wa nini?"

"Membre tu."

"Bantu kumi na moja banaongoza weye moja?"

"Ndiyo, patron. Njo maana nimekonda."

Mumbere alicheka hadi akashikilia mlango wa lori. Kisha akaamuru vifaa vyote akabidhiwe mwanachama, na kwamba asiyeruhusiwa naye asiguse hata mpini.

Liévin alikuwa wa kwanza kuomba beleshi.

"Toa kwanza ile badge, Papa Président. Itaanguka mu matope."

"Na nikiitoa, nitakuwa nani?"

"Utakuwa muntu ya pelle," alisema Chola, akimnyooshea beleshi.

Mmoja mmoja waliweka beji zao katika beseni la vitumbua. Nilimuuliza Chola, kwa unyenyekevu, mchango wangu ungekuwa upi. Alinipima kwa macho.

"Mwalimu, weye uko na diplôme. Sukuma brouette."

Nilisukuma toroli. Shehena yangu ya kwanza niliimwaga juu ya miguu ya msemaji, na hapo ndipo alipopata la kusema.

Mvua ilinyesha alasiri. Maji yalikuja kwa kishindo, yakapita mtaroni, yakaenda zake. Miguu ya meza ilibaki mikavu, na Chola akaendelea kukaanga chini ya turubai. Kiatu cha harusi alikichukua mkuu wa itifaki. Hatukumuuliza kitu.

Katika mkutano uliofuata, wote kumi na mmoja waligombea nafasi ya mwanachama. Liévin alikuwa amechapisha vikaratasi vyenye picha yake. Naona haya kukiri kwamba mfukoni mwangu nami nilikuwa na hotuba fupi.

"Ile poste iko na mwenyewe," alisema Chola, akifunua beseni. "Ni nani anataka bitumbula?"

Hapo tu ndipo tulipokubaliana kwa kauli moja.