Bi Taarifa na Namba Inayopatikana

Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili la utumishi na kwenye cheti cha ndoa, na huko kote halikuwa na kazi nyingi. Mji mzima ulimwita Bi Taarifa. Alikuwa mpiga chapa wa halmashauri kwa miaka ishirini na sita, na kila karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa sokoni au mlango wa zahanati, ikianza na maneno WAKAZI WOTE MNATANGAZIWA, ilikuwa imetoka kwenye vidole vyake viwili. Vile vinane vingine hakuwahi kuvifundisha kazi.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na mdomo usiojua cheo cha mtu. Wakuu saba wa idara walikuwa wamepita mbele yake. Kila mmoja aliingia na maneno makubwa, akaagwa kwa soda na hotuba, akaondoka na stepla ya ofisi.

Idara ya Usafi na Mazingira ilitoa taarifa nne kwa mwaka: ya mvua, ya kiangazi, ya kupanda miti na ya chanjo ya mbwa. Hii ya mbwa ndiyo iliyompa sifa. Mwaka mmoja Mkuu wa tatu aliandika kwa mkono wake mwenyewe: "Kila mwenye mbwa afike uwanjani saa mbili asubuhi achomwe sindano ya kichaa." Bi Taarifa aliisoma mara mbili, akaona si kazi yake kumsahihisha msomi, akachapa hivyo hivyo. Asubuhi ya chanjo fundi seremala mmoja alifika peke yake, mkono wa shati ameukunja mpaka begani, akamwambia bwana mifugo kwamba mbwa hajisikii vizuri lakini yeye yuko tayari.

Ila taarifa ya mvua haikuwahi kumchekesha mtu. Ilikuwa ile ile mwaka nenda mwaka rudi. Wakazi wazibue mitaro mbele ya nyumba zao. Wakazi wasitupe taka mitaroni. Maji ya kunywa yachemshwe. Matawi yaliyoegemea nyaya yakatwe. Mwisho kabisa, kifungu cha saba: kwa dharura ya mafuriko, piga simu namba fulani. Kila Mkuu alipoletewa alisema neno moja tu, "Badilisha tarehe," na Bi Taarifa alibadilisha tarehe.

Namba ya kifungu cha saba ilikuwa imekufa miaka sita. Panya walikula waya, chumba kikageuzwa stoo ya mafagio, na simu yenyewe ya mezani, nyeusi, nzito, ilikuwa sakafuni ikizuia mlango usijifunge. Wote ofisini walijua. Bi Taarifa alijua kuliko wote, maana aliipiga teke kila alipofuata fagio.

Na aliyemkumbusha hakuwa mgeni. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, aliyekaa mtaa wa bondeni, mtaro mkubwa ukipita nyuma ya jiko lake. Kila msimu mtaro ulifurika, maji yakaingia ndani bila hodi, na wifi akaonekana mlangoni kwa Bi Taarifa akiwa na godoro kichwani.

"Nimeipiga ile namba yako," alisema mwaka juzi, maji yakimtiririka.

"Si yangu, wifi. Ni ya halmashauri."

"Aliyeichapa nani?"

"Mimi nachapa tu. Kazi yangu ni kuchapa."

"Basi mimi kazi yangu ni kulala hapa," alisema wifi, akatua godoro katikati ya sebule, akakaa wiki tatu. Katika wiki hizo alipanga upya kabati la vyombo, akaonja kila chungu na kukitolea kasoro, na usiku akakoroma kama mashine ya kusaga. Mume wa Bi Taarifa, fundi cherehani, aliinamisha kichwa juu ya nguo ya mteja kila wanawake wale wawili walipoanza, akashona mishono ambayo mteja hakuiagiza.

Mwaka huu Mkuu alikuwa mpya, wa nane. Kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vinang'aa mpaka unaweza kujitazama meno, na simu haimtoki mkononi. Sifa yake kubwa ilikuwa hiyo: alipatikana. Simu ikilia aliipokea kabla ya mlio wa pili, awe kikaoni, awe anakula. Hata chooni; ukuta wa ofisi ulikuwa wa mbao nyembamba na hakuna aliyehitaji kuulizia.

Bi Taarifa aliingia kwake na rasimu ya taarifa ya mvua. Mkuu alikuwa anaongea na mtu kuhusu maturubai ya harusi.

"Mkuu, hii namba ya dharura haifanyi kazi."

Mkuu akafunika simu kwa kiganja. "Namba gani?"

"Ya mafuriko. Imekufa zamani. Wananchi wanaipiga, haiiti. Niweke ipi?"

"Weka inayopatikana, mama. Mambo madogo kama haya msiniletee." Akarudi kwenye maturubai.

Bi Taarifa alirudi mezani akakaa. Inayopatikana. Akaanza kuwapitia mmoja mmoja. Mhandisi simu yake haikuwa na chaji tangu aajiriwe. Bwana afya alipokea siku ya semina tu. Mtambo wa kuchimba ulikuwa na dereva wake, lakini huyo hakupokea namba asiyoijua. Katika jengo zima namba iliyopatikana saa zote, bila kukosa, ilikuwa moja.

Hapa ndipo wenzake walipobishana baadaye, kama alifanya kwa ujinga au kwa makusudi. Ukweli ni kwamba vidole vyake viwili vilisimama hewani kwa muda. Alilifikiria godoro. Alifikiria kwamba amebakiza miaka mitatu astaafu. Kisha akajisemea, "Nimeambiwa," akachapa.

Mkuu akasaini bila kusoma, kama walivyosaini wenzake saba.

Nakala elfu tatu za karatasi ya njano zilitoka kwenye mashine zikiwa bado za moto. Bi Taarifa na dereva wa pikapu ya halmashauri walizunguka nazo siku mbili, kipaza sauti kimefungwa juu ya gari, yeye akisoma kifungu kwa kifungu na wasaidizi wa mitaa wakigawa nyumba kwa nyumba. Alipofika kifungu cha saba akaitaja namba polepole, tarakimu moja moja, mara mbili, dereva alikanyaga breki.

"Mama. Hiyo namba naijua."

"Endesha gari."

"Hiyo si ya—"

"Umeajiriwa kuendesha au kusikiliza?"

Dereva aliendesha, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika mpaka mwisho wa mtaa.

Mvua ilianza Jumanne, saa nne asubuhi, bila manyunyu ya kubisha hodi. Ilimwagika kama mtu kapindua pipa. Bi Taarifa alikuwa mezani. Akasikia, ng'ambo ya ukuta wa mbao, simu ikilia.

"Haloo... Ndiyo, ni mimi... Mtaro? Mtaro gani? Mama, umekosea namba."

Ikalia tena. "Haloo... Hapana, hapa si... Kuku wangapi?"

Ikalia tena. Safari hii Mkuu akasema kwa upole wa mtu aliyechanganyikiwa, "Baba, mimi sijui kama itanyesha mpaka jioni. Nguo zianue tu."

Simu ya kumi na moja ilipokatika, mlango ulifunguka. Mkuu alisimama mbele ya Bi Taarifa, karatasi ya njano mkononi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nani ameweka namba yangu hapa?"

"Ni wewe, Mkuu."

"Mimi!"

"Nilikuuliza niweke ipi. Ukasema niweke inayopatikana. Nikatafuta jengo zima, inayopatikana ni yako. Nikakuletea, ukasaini." Akavuta droo, akatoa nakala yenye sahihi, akailaza mezani.

Mkuu aliitazama sahihi yake kama mtu anayetazama picha ya ndugu mwizi. "Ziondolewe. Zote!"

"Zimo majumbani mwa watu," alisema dereva kutoka mlangoni, ambaye hakuitwa na mtu lakini asingekubali kukosa. "Zingine wameshazibandika jikoni."

"Mama, utaandikiwa barua."

"Sawa, Mkuu. Nitaichapa."

Alilisema kavu, lakini kichwani alikuwa anahesabu miaka aliyobakiza. Miaka mitatu si mingi, na mtu anaweza kuipoteza asubuhi moja.

Simu ikalia tena, bado ipo mkononi mwa Mkuu. Kidole kilimponyoka kikabonyeza spika, na sauti aliyoifahamu Bi Taarifa kuliko mlio wa simu yenyewe ikajaza ofisi.

"Wewe ndiye namba ya mafuriko?"

"Mama, sikiliza—"

"Nisikilize nini, niko huku bondeni, nimepanda juu ya meza! Maji yameshafika kwenye kochi. Nakaa hapa hapa mezani, nina vocha ya kutosha, nitakupigia wewe mpaka uje. Ukizima nitampigia mwenyekiti wa halmashauri nimwambie umezima."

Mkuu alimtazama Bi Taarifa. Bi Taarifa alitazama dari.

"Bondeni ni wapi?" aliuliza Mkuu hatimaye, kwa sauti ndogo. Miezi saba alikuwa ameongoza usafi wa mji, na hakuwahi kufika.

Wakaenda na pikapu, wote watatu wamebanana mbele. Bi Taarifa alikuwa ametembeza taarifa bondeni kila mwaka, lakini daima kabla ya mvua, vumbi likiwa juu na watu wakipunga mikono. Hakuwahi kushuka huko mvua ikinyesha. Sasa aliona sufuria zikielea uani. Aliona mwanamke mjamzito amekaa juu ya ukuta, miguu ameikunja, na karatasi ya njano iliyolowa ameishika kama mtu aliyeshika tiketi. Na lile neno lake la kila siku, mimi nachapa tu, hakuona tena pa kuliweka. Mara sita aliichapa namba anayojua imekufa. Hakuna Mkuu aliyemshika mkono.

Mtaro mkubwa ulikuwa umeziba pale unapopita chini ya barabara. Vijana wa mtaa walikuwa ndani ya maji hadi kifuani, wanavuta kitu kisichovutika. Mkuu alivua koti. Akainama avue viatu, akaona haina maana tena, akaingia navyo. Alipapasa chini ya maji, akainuka na uso ambao dereva aliuigiza mwaka mzima baadaye.

"Ni bati," alisema. "Bati kubwa. Lina maandishi."

Lilikuwa bango la halmashauri. Liliangushwa na upepo msimu uliopita kutoka kona ya juu, likaburutwa na maji, likajikita mdomoni mwa karavati na kuzuia kila kilichokuja nyuma yake. Rangi haikuwa imetoka hata kidogo: MJI SAFI NI WAJIBU WAKO.

Hakuna aliyecheka mara moja. Halafu wifi, aliyekuwa amesimama dirishani akiwa na fagio, akauliza kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, "Wajibu wa nani?" Bonde zima likavunjika mbavu, na Mkuu mwenyewe, maji yakiwa kifuani, akashindwa kujizuia.

Alitoka majini, akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akampigia dereva wa mtambo. Huyu mtu ambaye wakazi hawakuwahi kumpata kwa miaka akapokea papo hapo, kwa kuwa aliona anayepiga ni nani. Robo tatu ya saa hivi mtambo ulikuwa unashuka mteremko. Ukalishika bango kwa meno, ukalinyanyua limepinda kama chapati ya moto, na maji yakatoa mguno mmoja mkubwa yakaondoka. Yaliondoka na kiatu kimoja cha Mkuu.

Barua ya onyo ilikuja kweli. Mkuu aliiandika siku ya Alhamisi, na kwa kuwa mpiga chapa alikuwa mmoja, ilipelekwa kwa mhusika aichape. Bi Taarifa alisahihisha herufi mbili na nukta moja, akaongeza nafasi ya sahihi, akairudisha. Mkuu safari hii aliisoma yote kabla ya kusaini. Bi Taarifa aliliona hilo, akalipenda.

Msimu ulikuwa mrefu, na simu hazikukoma. Kulikuwa na mzee aliyepiga kila asubuhi kuulizia kama afue nguo. Mkuu alizoea kuchungulia dirishani kabla ya kupokea. Kulikuwa na waliopiga kumtukana tu, wakamaliza wakashukuru. Lakini alipochoka kuamshwa na mitaro, alianza kuikagua mwenyewe mapema, kwa mabuti ya mpira, na mhandisi akalazimika kununua chaja. Kufikia katikati ya msimu bondeni palikuwa na matope tu, ya kawaida, ya kufagia.

Mvua zilipokwisha, Mkuu alimwita Bi Taarifa. Safari hii aliweka simu chini, kifudifudi.

"Mama, naomba namba yangu unirudishie."

"Na wananchi wapige wapi?"

"Tutaweka laini ya ofisi. Na mtu wa kuipokea." Akakohoa. "Nilikuwa nafikiria wewe."

Bi Taarifa alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge, akijipa muda. Miaka ishirini na sita watu walikuwa wamemsoma, na hakuna aliyewahi kumjibu.

"Nataka kiti chenye mgongo," alisema. "Na dereva wa mtambo aambiwe akiniona napiga, apokee."

"Ataambiwa."

"Na fundi aje aukate ule ukuta wa mbao, nikuone ukiwa umekaa bure."

Ukuta haukukatwa, lakini kiti kilikuja. Siku ya kwanza ya laini mpya alifika mapema, akapanga daftari na kalamu mbili, akasubiri mpaka saa tano bila kitu. Dereva akaanza kumtania kwamba hata mji umemchoka. Ndipo ikalia. Mwanamke wa mtaa wa juu, bomba limepasuka mbele ya duka lake, watoto wanaliogea, na ameshapiga sehemu tatu.

"Usipige pengine tena, mwanangu," alisema Bi Taarifa, akivuta daftari. "Umefika. Sasa niambie taratibu, duka liko upande gani wa barabara?"