Nilivyokataa mashine ya usingizi yenye skrini kubwa

Wakuu, amani kwenu nyote. Niko Goma, upande wa Keshero. Kazi yangu ni kulaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji. Haya niliyashika kwa mikono yangu, chumvi sitaongeza.

Hospitali yetu ililetewa mashine mbili za usingizi tuzijaribu, tubaki na moja.

Ya kwanza imejipamba kama bibi harusi. Skrini kubwa, mode, yaani namna, za kumpumulisha mgonjwa kibao, grafu za rangi. Ya pili fupi, skrini kama ya simu.

Docteur directeur, mkuu wa hospitali yetu, muzee ninayemheshimu sana, moyo ulishaenda kwa ile kubwa.

"Mama, ona iyi! Sawa ya Ulaya!"

Mimi nikafungua vitabu vya specifications, sifa za kila mashine, nikasoma mistari ambayo muuzaji wa ile kubwa aliiruka.

Kumbe ile kubwa inasukuma pumzi kwa nguvu ya gesi. Oksijeni ya chupa haiendi kwa mgonjwa tu, inaendesha na mashine yenyewe. Na huku kwetu (wa Goma mnajua) chupa kuipata ni vita.

Ile fupi inatumia motor ya umeme. Ina betri, chupa ikiisha inavuta hewa ya chumbani, na pumzi unaweza kuishusha hadi mililita 20. Mtoto mdogo ukimsukumia pumzi ya mtu mzima, unamharibu mapafu.

Nikaomba nijaribu mbele ya wote. Nikaunganisha kila mashine na pafu la mpira la majaribio, nikafunga chupa za oksijeni, nikachomoa plagi ukutani.

Skrini kubwa, kwa betri yake ndogo, iliendelea kuwaka vizuri kabisa. Pafu lake likalala.

La ile fupi likaendelea kupanda na kushuka.

"Mama, uko na kichwa ngumu," docteur akasema.

"Ndiyo, Docteur. Ni mimi njo nasimamaka ku kichwa ya mugonjwa. Ile kubwa siitaki."

Akaligusa lile pafu lililolala. Halafu akamwambia muuzaji arudi na yake.

Wiki chache baadaye, asubuhi, akaletwa binti wa miaka mitatu kutoka mtaa wa Mabanga, utumbo umejisokota. Mama yake akanishika mkono mlangoni.

"Atapumua na mashini?"

"Atapumua, mama. Sitamuacha."

Tumbo likiwa wazi, courant, umeme, ikakatika. Jenereta ikagoma. Daktari wa upasuaji akasimama na mkasi hewani, ananitazama mimi.

Nikatazama kifua cha mtoto. Kinapanda. Kinashuka.

"Endelea, Docteur, betri iko."

Walimaliza kwa mwanga wa dirisha na tochi za simu. Mkono wangu haukutoka kwenye shingo ya yule mtoto, nahesabu mapigo.

Alipoamka alilia kwa hasira. Nje mama yake akapiga kelele: "Ni yeye! Ni sauti yake!" Nilikaa chini sakafuni, nikalia na mimi.

Nilichojifunza: kifaa usikipokee kwa uzuri wake. Uliza kinakula nini, na kikikosa hicho chakula kitafanya nini. Halafu usikubali jibu la mdomo, chomoa plagi uone. Watakuita mkaidi, waache wakuite.

Wenzangu wa hospitali, nyinyi mlishawahi kukataa kifaa mbele ya mkubwa wenu? Ilikuwaje? Mafundi wa mashine hizi pia, pale nilipokosea nirekebisheni.