Mtamba Aliyekataa Kutoka

Harufu ya majani yaliyokatwa alfajiri, yakiwa na umande wake, ikichanganyika na samadi mbichi: hiyo ndiyo Shume ya utoto wangu. Kwetu milimani ng'ombe hachungwi. Mteremko ni mkali na kila kipande cha ardhi kina kabichi za mtu, kwa hiyo ng'ombe huzaliwa bandani, huletewa majani humo na huzeekea humo humo. Mtamba wetu, Neema, hakuwahi kukanyaga nje. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mama, aliyembebea majani kichwani tangu akiwa ndama, hakuwa na habari nyingine mdomoni.

Mwaka huo mwalimu jirani yetu alinunua deki ya video, akatuita watoto kutazama katuni ya farasi wa porini aliyekataa kufungwa. Farasi alipopita langoni mbio, mdogo wangu Zaina alilia kwa furaha. Mimi nilikuwa na miaka tisa na kiburi cha mtu mzima. Nikaamua Neema naye aachiwe.

Siku ya gulio, mama alipoondoka kwenda sokoni, nilifungua komeo la banda. Neema alisimama mlangoni akinusa hewa, akakataa kutoka. Mimi na Zaina tukambembeleza, wapi. Mwishowe nikachukua fimbo nikamchapa, nikamchapa tena, mpaka akatoka. Nilimchapa ili awe huru, na wala sikuona ajabu. Miguu yake haikujua mteremko. Alipiga hatua chache, akateleza, akabingirika hadi kwenye kabichi za jirani, mguu wa mbele umevunjika. Hakulia sana, na hilo ndilo lililonitisha.

Baba alikuja mbio na kisu, maana Neema angekufa kabla ya kuchinjwa, hata nyama tungeikosa. Ndama alitolewa tumboni amekufa.

"Nani kamtoa?" baba aliuliza.

"Katoka mwenyewe, baba," nikajibu. "Mlango ulikuwa wazi."

Zaina alitazama chini. Mama ndiyo kwanza alikuwa anafika na kapu lake. Baba akamgeukia mbele ya majirani. "Mtu mzima, kufunga mlango kunakushinda?"

Mama alifikiri kidogo. "Nilidhani nimefunga," akasema.

Kesho yake alipeleka nyama nyumba kwa nyumba, akiomba radhi kwa mwenye kabichi na kwa wasiohusika. Mimi nilimfuata nyuma nimebeba beseni. Nilikuwa mtoto mbaya, na sina neno la kulainisha hilo.

Baba ameshafariki. Mama naishi naye Lushoto mjini, tuna ng'ombe mmoja bandani, na kila jioni mama hutikisa komeo mara tatu, kisha akirudi ndani huuliza kama kweli amefunga. Wanangu humcheka. Wiki iliyopita binti yangu alimwekea bibi yake katuni ile ile kwenye simu. Farasi alipotoka mbio, mtoto akapiga makofi. Mama akasogeza uso karibu na kioo.

"Hilo lango nani kaliacha wazi?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui.