Birika Juu ya Lubaga

Watu wengi hudhani ndege za kivita hupewa majina na majenerali. Mimi nawacheka. Ndege niliyoijua kuliko zote ilipewa jina na mwanamke wa Lubaga aliyekaa kwenye kigoda akichambua maharage, na jina lenyewe lilikuwa Birika.

Ni miaka ile wanajeshi walipokuwa wakiitawala Uganda. Mimi, Mkenya niliyekuja Kampala kuuza vitambaa, nilikuwa nimeolewa na fundi wa ndege za jeshi, mtu wa kaskazini, mpole, mwenye mikono inayonuka mafuta hata siku ya sikukuu. Kambi ya ndege ilikuwa Entebbe, lakini sisi tulipanga Lubaga, chini ya kanisa kuu, nyumba moja na rubani na mkewe. Rubani alikuwa kijana mrefu, mwepesi wa kucheka. Mkewe alikuwa Mganda, mdogo wangu kwa umri, ila kwa ulimi tulitoshana.

Rubani huyo alikuwa na desturi yake. Akirudi kutoka mazoezini hupita juu ya kilima chetu na kuinamisha bawa moja. Hapo mkewe huwasha jiko. Mpaka mume atue, avue mavazi ya kazi na kupata gari la kuja mjini, chakula kimeiva. Siku moja mume wangu akamuuliza anajuaje kuwa ni yeye, kabla hata ndege haijaonekana.

"Ile yake inaria kama bilika yangu," akajibu bila kuinua macho. "Zingine zinanguruma tu."

Mume wangu akaenda na neno hilo kazini. Kumbe ni kweli, ile ndege ilikuwa na mluzi mwembamba ambao mafundi walikuwa wametafuta chanzo chake wakachoka. Haukupita muda kambi nzima ikawa inaiita Birika. Nyingine nazo zikapata majina. Pasi ilikuwa ya kufundishia, na kiti chake kiliunguza makalio ya wanafunzi. Bwana Harusi ilisuguliwa kwa ajili ya gwaride na kazi nyingine haikujua. Mama Mkwe haikusogelewa na mtu asiyejiandaa. Kwenye karatasi za ofisini zilikuwa namba tu.

Marubani nao walikuwa na majina ya redioni, ya kujitambulisha kwa mnara wakiwa hewani. Pale kwetu majina hayo yalitoka kwa mafundi, na hakuna rubani aliyeruhusiwa kujichagulia. Jirani yetu aliitwa Kalerwe. Siku ya kwanza alipotua baada ya kurudi masomoni ng'ambo, hakumjulia hali mtu yeyote. Alifungua kioo akauliza kama kuna anayepitia soko la Kalerwe amletee mihogo. Jina likamganda, na yeye alilipenda.

Lakini jambo nililolipenda mimi kuliko yote ni namna walivyokabidhiana. Fundi akimpa rubani ndege, hakusema iko tayari. Alimtaja aliyeirudisha salama mara ya mwisho: "Imeletwa na Kalerwe." Rubani hujibu, "Nimepokea," ndipo hupanda ngazi. Bila maneno hayo, hakuna aliyekubali kuruka. Hakuna mkubwa aliyewafundisha hivyo. Walijitungia wenyewe, na mpaka leo nawavulia kofia.

Kisha Kalerwe akachukuliwa. Gari lilimkuta kambini mchana, mbele ya wenzake. Akaingia, na hakuonekana tena. Kosa lake hatukuambiwa. Mafundi wakasomewa amri kwamba jina lake lisitamkwe tena, redioni wala mdomoni. Siku zile aliyeulizia mtu wa namna hiyo aliweza kumfuata huko huko.

Mkewe hakuulizia. Alisubiri. Kila ndege ikipita aliwasha jiko, hata ikiwa Mama Mkwe, ambayo angeitambua usingizini. Mkaa ulikuwa haba, sukari na sabuni tulizipata kwa kuvizia, naye anawasha. Nilikasirika, lakini si kwa ajili ya mkaa. Kumlilia hakuthubutu, kwa kuwa hakuna aliyesema mumewe amekufa, na machozi yangekuwa kama kuituhumu serikali. Birika nayo ilikaa chini ikikosa vipuri.

Vipuri vilipofika, Birika ikapangiwa rubani mwingine, na mume wangu ndiye wa kuikabidhi. Asubuhi hiyo alivaa taratibu mno. Nilijua kinachomsumbua: wa mwisho kuirudisha alikuwa Kalerwe.

"Sema imeletwa na fundi," nikamwambia.

"Fundi hapana rusha ndege."

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza, yule kijana anapanda ndege haina mwenyewe." Akafunga kamba za viatu. "Mimi nitasema. Wewe kaa na ule mama."

Nilitaka kumfungia mlango kwa nje. Nilimwogopea, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Yaliyotokea kambini alinisimulia baadaye. Mkubwa mmoja alikuwa amesimama palepale chini ya bawa. Mume wangu akapiga saluti, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Imeletwa na Kalerwe." Rubani mpya angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu. Akasema, "Nimepokea," akapanda. Yule mkubwa akainama akaanza kufunga kiatu kilichokuwa kimefungwa tayari.

Sisi Lubaga hatukuwa na habari. Jioni tukasikia mluzi. Jirani yangu akasimama. Birika ikatokea juu ya kanisa, ikainamisha bawa, ikaenda zake. Nani aliyemwambia rubani yule habari ya bawa, mume wangu hajanieleza mpaka leo. Mimi niliogopa kwamba mwenzangu atadhani mumewe amerudi.

"Si yeye," akasema polepole. "Bwana yangu anainamisha ya kushoto. Huyu ameinamisha ya kuria. Wamemupa mwingine, nyabo, dada yangu."

Akaingia ndani. Alitoka na sufuria kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akawasha jiko, akamenya ndizi zote zilizokuwamo nyumbani, akatuma wito kwa majirani wote waje kula. Hakuna aliyeuliza chakula ni cha nini. Walikuja wakakaa uani kama watu wanavyokaa matangani.

Mume wangu alifika akiwa mzima, akatukuta hivyo. Akanawa mikono, akakaa. Jirani yangu akampakulia yeye kwanza. Kisha akapakua sahani nyingine, akaiweka juu ya kigoda chake mwenyewe, akakaa chini kando yake. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.